Vidole vya Ubungo

Mwaka 1968, kando ya barabara ya Morogoro huko Ubungo, kiwanda cha nguo cha Urafiki kilifunguliwa kwa mkopo wa China. Pamba iliingia upande mmoja, ikatokea upande wa pili ikiwa kanga na vitenge. Mashine zilikuja kwa meli. Kazi ngumu ilikuwa kuwapata watu wa kuziendesha.

Ufumaji wenyewe haukuwa mgeni. Kilwa, wanaakiolojia wameokota vigurudumu vya kusokotea uzi. Wafipa walifuma nguo za pamba hadi karne ya 20. Maneno mtande na mshindio yalikuwamo katika Kiswahili zamani sana. Ila katika karne ya 19 ikaja nguo ya viwanda vya Marekani, ndiyo merikani yetu, kisha mkoloni aliyetaka pamba ghafi tu, na ufundi ule ukanyauka.

Januari 1964, akiwa Ghana, waziri mkuu wa China, Zhou Enlai, alitangaza kanuni 8 za misaada ya nchi yake. Ya saba ilisema kwamba anayepewa ufundi lazima aumudu mwenyewe. Ni rahisi kusema hivyo jukwaani. Kiwandani maana yake ni uzi uliokatika. Mtu wa kusokota hupita zamu nzima kati ya safu za pia zinazozunguka. Uzi ukikatika, sharti auone, aukamate na kuuunga bila kuharibu kazi ya jirani yake. Hilo halifundishiki ubaoni. Mwalimu huunga mara moja, mwanafunzi huunga mara mia, hadi vidole vikumbuke vyenyewe. Fundi wa mitambo naye hujifunza kusikiliza: mashine yenye hitilafu hubadili mlio kabla haijasimama.

Kiwanda kilikuwa hata na bendi yake, Urafiki Jazz, chini ya Ngulimba wa Ngulimba, iliyozitangaza nguo zake dansini. Sijui viwanda vingapi leo vingethubutu.

Miaka ya 1980 fedha za kigeni zikaadimika, na vipuri navyo. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba ufundi wa kuendesha mashine na ufundi wa kutengeneza mashine ni mambo mawili, na Ubungo walikuwa wamefundishwa zaidi ule wa kwanza. Kisha mitumba ikajaa sokoni. Katika miaka ya 1990 Wachina walirudi, safari hii wakiwa wabia wenye asilimia 51 ya hisa.