Kiberiti cha Mlima na Kiberiti cha Meli

Sisi wakaaji wa Goma hatuhitaji kufundishwa harufu ya kiberiti. Upepo unapotoka upande wa Nyiragongo koo huwasha, na mvua inayopita katika moshi ule huunguza majani ya mimea na kula mabati. Tangu ule moto wa tarehe 17 Januari 2002, ambao haukuliacha hata kanisa letu kuu, tumezoea kukihesabu kiberiti kuwa jambo la mlima tu.

Lakini mchele na nguo tunazonunua Birere zimepita Mombasa au Dar es Salaam, na kabla ya hapo zilivuka bahari. Mafuta mazito ya meli, kama makaa ya mawe, yana kiberiti ndani yake, yaani salfa. Yakiungua hutoa gesi ileile itokayo mlimani. Juu ya maji gesi hiyo hugeuka chembe ndogo mno, na mvuke hujishikiza kwazo. Wingu hupata matone mengi madogo, huwa jeupe zaidi, nalo hurudisha juu mwanga wa jua. Bahari yenyewe hutoa salfa pia, kwa njia ya vimea visivyoonekana kwa macho. Ila binadamu ameongeza yake juu ya ile ya asili.

Mwaka 1966 Mmarekani John Conover aliandika juu ya mistari ya ajabu ya mawingu katika picha za setilaiti. Ilikuja kufahamika kuwa ni njia za meli, zilizochorwa angani kwa moshi wao.

Bahari ya Hindi nayo ilichunguzwa mwaka 1999. Wataalamu wa nchi mbalimbali, miongoni mwao Ramanathan na Crutzen, waliona ukungu wa salfa na masizi uliotoka Asia ya Kusini ukifika hadi ikweta. Uliletwa na kaskazi, upepo uleule uliovusha majahazi kuja pwani yetu ya Afrika. (Mababu wangeshangaa kusikia shehena hiyo.)

Tarehe 1 Januari 2020 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini lilishusha kiwango cha salfa katika mafuta ya meli kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5. Ilikuwa haki kabisa, kwa kuwa moshi ule ulidhuru mapafu ya watu wa bandarini. Mistari ya mawingu ikapungua mara. Hapo likajitokeza jambo zito: uchafu ule ulikuwa pia mwavuli. Bahari sasa inapokea jua zaidi, ingawa wataalamu bado wanabishana ni kwa kiasi gani.

Tusidhani kwamba usafi ndio ulioleta joto. Joto ni la hewa ya ukaa, iliyotoka katika moto uleule wa makaa na mafuta. Salfa ililifunika tu. Nayo salfa hushuka baada ya siku chache, hali sehemu ya ukaa hukaa angani karne nyingi.