Damu Isiyotuama



Sisi tunaovuka Mto Mirongo kila siku twaijua tabia ya maji. Katikati mkondo hukimbia. Penye kona maji hutuama, na takataka hujikusanya. Damu nayo ndivyo ilivyo. Kutokana na kazi ya tabibu Mjerumani Rudolf Virchow, aliyeandika juu ya jambo hili mwaka 1856, waganga hutaja sababu tatu za damu kuganda mishipani: kutuama kwake, kudhurika kwa ukuta wa mshipa, na kubadilika kwa damu yenyewe.

Maji ya ziwa letu hushuka kwa Mto Nile hadi Misri. Huko, mwaka 1976, daktari Mmarekani Richard Wampler aliwaona wanakijiji wakipandisha maji kwa parafujo ya Archimedes, chombo cha kale. Akawaza: je, damu haiwezi kusukumwa vivyo hivyo? Mwaka 1988 pampu yake ndogo, Hemopump, iliingizwa kwa mara ya kwanza katika moyo wa mgonjwa huko Houston. Wengi walihofu kwamba mzunguko wa kasi ungezisaga chembe za damu, haikuwa hivyo.

Baadaye zikaja pampu za kukaa mwilini miaka mingi. HeartMate II, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2008, ilikuwa na rota iliyozunguka juu ya beringi zilizomo ndani ya damu yenyewe. Palipo na beringi pana msuguano na joto, na damu hupunguza mwendo. Mwaka 2014 madaktari walitangaza kwamba pampu zilizoziba kwa damu iliyoganda katika miezi mitatu ya kwanza zilikuwa zimeongezeka kutoka asilimia 2.2 hadi 8.4.

Wahandisi hawakuongeza nguvu, walirekebisha njia. Katika HeartMate 3 rota huelea kwa sumaku bila kugusa kitu, nafasi za kupitia damu ni pana, na kasi yake hupandishwa na kushushwa kila sekunde mbili ili damu isitulie popote. Utafiti wa wagonjwa 1,028, uliotolewa mwaka 2019, ulionyesha kwamba katika miaka miwili tatizo hilo liliwapata asilimia 1.4, dhidi ya 13.9 wa pampu ya zamani.

Hata hivyo, mwenye pampu hiyo hunywa dawa ya kuzuia damu kuganda. Vivyo hivyo ndugu zetu wenye vali bandia za kimakanika moyoni: warfarini yao ni ya maisha. Tusiwaache wakose nauli ya kwenda kupimwa damu, wala tusiwashawishi kuacha dawa kwa kuwa wanajisikia wazima. Ufundi wa mhandisi husafisha njia. Kuilinda kila siku ni kazi yetu sote.