Renki inashuka, wewe hushuki

Wandugu, hesabu ya kushushana renki ilianzia kwenye chesi. Profesa Arpad Elo wa Marekani ndiye aliitunga, FIDE ikaikubali mwaka 1970. Ukipigwa na aliye juu yako, unapoteza pointi chache. Ukipigwa na wa chini, zinaenda nyingi. Gemu nyingi za simu zimefuata wazo hilo.

Ila hesabu haiulizi sababu. Jioni ya 13 Januari 2021, kesho yake uchaguzi, intaneti ilizimwa Uganda nzima mpaka tarehe 18. Kama ulikuwa katikati ya mechi hapa Nateete, gemu ilikuona umetoroka tu. Pointi chini.

Kwa hiyo renki inasema matokeo, haisemi uwezo wako. Ukishushwa, rudi ucheze.