Kupotea kwa diski kwenye hifadhi ya mtandao

Kupotea kwa diski kwenye hifadhi ya mtandao ni hitilafu ambayo diski kuu moja au zaidi huacha kuonekana katika kifaa cha kuhifadhia data kilichounganishwa na mtandao wa nyumbani. Kifaa hicho, kinachojulikana kwa kifupi kama NAS, ni kompyuta ndogo yenye nafasi za diski, ambamo watu wa nyumba moja huweka picha, hati na video zao mahali pamoja. Diski kupotea si sawa na data kufutika. Mara nyingi data bado zipo, na hasara hutokea mtu anapoharakisha kuifomati diski kabla ya kujua chanzo cha tatizo.

Namna za kupotea

Katika namna ya kwanza folda haionekani kwenye kompyuta, lakini diski ziko salama ndani ya kifaa. Chanzo huwa ni mtandao: kebo imelegea, au umeme ulipokatika na kurudi, ruta imekipa kifaa anwani nyingine ya IP. Vifaa vya zamani vinavyotegemea itifaki ya SMB1 vinaweza pia kutoonekana, kwa sababu tangu toleo la 1709 la mwaka 2017, Windows 10 mpya kwa kawaida haisakinishwi pamoja na itifaki hiyo.

Katika namna ya pili, ukurasa wa usimamizi wa kifaa chenyewe unaonyesha kwamba nafasi ya diski ni tupu.

Sababu za namna ya pili

* Umeme: diski ya inchi 3.5 hutumia volti 12 na volti 5. Inapoanza kuzunguka huhitaji mkondo mkubwa kuliko kawaida, mara nyingi karibu ampea 2 kwenye volti 12. Adapta iliyochoka hushindwa kuutoa, na diski huzimika.
* Viunganishi: vumbi, kutu au trei isiyokaa sawasawa hukata mawasiliano kwa muda.
* Joto: diski nyingi zimeundwa kufanya kazi hadi takriban sentigredi 60. Feni ikisimama, kiwango hicho hukaribiwa haraka.
* Aina ya diski: diski ya kawaida ikikuta sehemu mbovu huweza kujaribu kuisoma kwa muda mrefu. Mfumo wa RAID, unaounganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja, haungoji sana. Huiona imekufa na kuitoa. Mwaka 2020 kampuni ya Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za WD Red zilitumia teknolojia ya SMR, ambayo ni nzito katika kuandika data mfululizo. Watumiaji walikuwa wamelalamika kwamba diski hizo zilitolewa kwenye RAID wakati wa kuijenga upya.
* Uchakavu wa diski yenyewe.

Uchunguzi

1. Kukataa ombi lolote la kifaa la kufomati au kuanzisha diski upya.
2. Kunakili kwanza data ambazo bado zinasomeka.
3. Kusoma kumbukumbu za matukio na taarifa za SMART. Namba 5 na 197 zikiongezeka, uso wa diski unaharibika. Namba 199 ikiongezeka, kwa kawaida kasoro iko kwenye kebo au kiunganishi.
4. Kuzima kifaa kwa utaratibu, kuandika namba juu ya kila diski, kisha kuichomoa diski iliyopotea na kuirudisha vizuri.
5. Kosa likirudi, kuijaribu diski hiyo kwenye kompyuta nyingine, bila kuandika chochote. Ikisomeka vizuri huko, kasoro inaelekea kuwa ya kifaa. Ikiwa kila mara hupotea diski tofauti, adapta ndiyo ya kushukiwa kwanza.

Mazingira ya Tanzania

Umeme wa majumbani nchini Tanzania ni wa volti 230. Kukatika na kurudi kwake ghafla huweza kuharibu adapta na kukatiza uandishi wa data. Mazingira nayo hutofautiana hata ndani ya wilaya moja. Mji wa Lushoto, ulio kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, una baridi, ilhali kata ya Mnazi, katika nyanda za chini za wilaya hiyohiyo, ina joto zaidi. Kifaa kilichofungiwa kabatini bila shida Lushoto kinaweza kupata joto la hatari Mnazi. Huko huhitaji mahali penye hewa na kupanguswa vumbi mara kwa mara.

Kinga

UPS hukipa kifaa muda wa kujizima salama umeme unapokatika. RAID 1, inayoweka data zilezile kwenye diski mbili, huwezesha kazi kuendelea diski moja ikifa, lakini si nakala rudufu: faili likifutwa kwa bahati mbaya hufutika kote kuwili, na radi au mwizi huweza kuondoka na diski zote. Kwa hiyo picha za familia na vyeti huhitaji nakala nyingine kwenye diski ya nje isiyoachwa imechomekwa, na ikiwezekana itunzwe katika nyumba nyingine.