Kodi ya bourse Marekani ilianzia wapi

Mtoto aliye Marekani akisema amepata bourse, si pesa yote inabaki mkononi. Sheria ya 1954 iliacha sehemu kubwa bila kodi. Mwaka 1986 Rais Reagan alitia sahihi sheria mpya: ada ya chuo na vitabu havikatwi kwa anayesomea shahada, lakini pesa ya chakula na nyumba inahesabiwa kama mapato.

Mwaka 2017 Baraza la Wawakilishi lilipitisha kwamba hata ada anayosamehewa mwanafunzi anayefundisha chuoni ilipiwe kodi. Kodi ya pesa usiyoishika! Wanafunzi waliandamana, kipengele kikaondolewa Desemba.

Ile ya chakula na nyumba ikabaki. Mara nyingi chuo hakiikati. Deni linamfikia mwezi wa nne, pengine ameshatutumia zile dola.