Testone ya Milano: Kichwa cha Mtawala juu ya Fedha
Kwa karne nyingi lira ya Italia ilikuwa pesa ya daftarini tu, kwani wafanyabiashara waliihesabu kuwa soldi 20 au denari 240, ilhali hapakuwa na sarafu moja ya thamani hiyo ambayo mtu angeweza kuishika mkononi. Venezia iliigonga kuwa sarafu halisi mwaka 1472, ikiwa na sura ya mtawala wake, Nicolò Tron. Na mwaka 1474 zecca ya Milano, yaani kiwanda cha sarafu, kwa neno lililotokana na sikka la Kiarabu, ikatoa testone, sarafu ya karibu gramu 10 za fedha, iliyoitwa hivyo kutokana na testa, yaani kichwa, kwa sababu ilibeba kichwa cha Galeazzo Maria Sforza, mtawala wa Milano, kilichochongwa kwa kufuata sura yake halisi.

Kichwa hicho hakikuwa pambo. Baba yake Galeazzo, Francesco, alikuwa jemadari wa askari wa kukodiwa aliyeitwaa Milano mwaka 1450, na ingawa alikuwa amemwoa binti wa mtawala wa mwisho wa ukoo wa Visconti, Kaizari wa Dola Takatifu la Roma, mwenye haki ya kutoa cheo cha duca (mtawala wa kurithi wa jimbo), hakumthibitisha yeye wala mwanawe. Sarafu ilidai kile ambacho Kaizari aliwanyima: maandishi yake yalimwita Galeazzo kwa jina la Visconti na kumhesabu kuwa duca wa tano, kana kwamba mlolongo haukuwahi kukatika.

Galeazzo aliuawa kanisani tarehe 26 Desemba 1476, akamwacha mrithi wa miaka saba, Gian Galeazzo, na kuanzia mwaka 1480 madaraka yakawa mikononi mwa Ludovico, ndugu wa marehemu. Testone za wakati huo zina kijana upande mmoja na Ludovico upande wa pili, akitajwa kwa Kilatini kuwa patruus gubernans, ambayo kwa Kiswahili ni baba mdogo anayetawala. Ni nadra ugomvi wa urithi kuandikwa waziwazi hivyo juu ya fedha. Kijana alipofariki mwaka 1494, Ludovico akabaki peke yake kwenye sarafu, hadi mwaka 1499 Louis XII wa Ufaransa, aliyeidai Milano kwa kuwa mjukuu wa Valentina Visconti, alipoiteka. Mwaka 1514 mfalme huyo aliagiza sarafu ya namna hiyo igongwe Ufaransa, ikaitwa teston.