Kibao cha Rangi Nne

Nilipoanza kazi ya kuandika programu, mwisho wa mwaka mkubwa wangu aliniita akanipa karatasi yenye alama: 3 kwa 5. Nikauliza, "Nilikosea wapi?" Akasema, "Jitahidi tu." Nilitoka pale sijui nibadilishe nini. Ilikuwa kama tarakilishi inayokwambia kuna kosa bila kutaja ni mstari gani.

Kumbe tatizo hili ni la kale. Mwaka 1800 Robert Owen alianza kusimamia viwanda vya kusokota pamba vya New Lanark, Scotland. Zama hizo wafanyakazi wa viwandani walizoea kupigwa na kutukanwa. Owen hakuyataka hayo. Akamtundikia kila mmoja kibao kidogo cha mti chenye pande nne: nyeusi kwa mwenendo mbaya, buluu kwa wa wastani, manjano kwa mzuri, nyeupe kwa bora kabisa. Upande uliotazama mbele ulionyesha alivyofanya jana yake. Rangi iliandikwa kitabuni, na aliyeona ameonewa aliweza kumwendea Owen mwenyewe. Owen alipita akivitazama bila kusema neno. Yeye alisimulia kwamba weusi ulipungua kadiri miaka ilivyokwenda.

Tumsifu: habari ilifika kila siku, na nafasi ya kujitetea ilikuwapo. Lakini rangi haisemi sababu.

Mwaka 1965 Meyer, Kay na French walichapisha utafiti wao uliofanywa General Electric, Marekani. Waliona kwamba lawama za kikao cha mwaka humfanya mtu ajitetee, na kazi yake hairekebiki. Sifa nazo hazikusaidia sana. Kilichosaidia ni malengo mahususi ambayo mkubwa na mfanyakazi waliyapanga pamoja. Wakashauri mazungumzo ya mshahara yatengwe na yale ya kumwelekeza mtu, na haya ya pili yafanyike mara kwa mara.

Hata hivyo alama hazikufa upesi. Microsoft iliacha kuwapanga wafanyakazi wake kwa madaraja ya kulazimishwa Novemba 2013 tu.

Basi wewe unayesimamia vijana, kabla ya kutoa alama, taja kazi yenyewe, pale ilipoharibika, na hatua inayofuata. Mwambie wiki hii hii, usingoje Desemba. Yule kijana anataka kujua ni mstari gani.